Swali la Fizikia au Kemia Likigoma, Tafuta Kwanza Lilipogomea

Swali la fizikia likimshinda mwanafunzi wa kidato cha tatu, mara nyingi halijamshinda lote. Limegoma mahali pamoja: neno ambalo hakulielewa, kizio ambacho hakukibadilisha, mlinganyo ambao hakuusawazisha, au mchoro ambao hakuuchora kabisa. Akiomba msaada bila kujua mahali hapo, ataletewa jibu zima, atalinakili, na wiki ijayo swali lile lile likija na namba nyingine litagoma pale pale. Makala haya yanaeleza namna ya kupatambua mahali hapo, nani wa kumuuliza ukiwa Mbeya, Iringa, Njombe au kwingine Nyanda za Juu Kusini, na umuulizeje. Tutapita maswali mawili mstari kwa mstari, kwa sababu mtu aliyekwama kwenye mstari wa tatu hasaidiki kwa kuambiwa asome kwa bidii.

Mkwamo wa kwanza huwa kwenye kulisoma swali lenyewe. Fizikia na kemia za sekondari zinafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wengi hukimbilia kalkuleta kabla hawajaweza kulisimulia swali kwa Kiswahili. Lisimulie kwanza, kwa sauti, kama unamweleza mdogo wako: kuna kitu gani, kinafanya nini, tumepewa nini, tunatafuta nini. Ukishindwa kulisimulia, umeshapata pa kuulizia. Angalia hasa maneno madogo yanayobeba namba bila kuionyesha. Kitu kilichoanza kwenda kutoka kusimama kimekupa u = 0, yaani mwendokasi wa mwanzo ni sifuri. Kitu kinachoenda kwa mwendokasi usiobadilika kwenye njia iliyonyooka kimekupa a = 0, yaani hakina mchapuko: hakiongezi mwendo wala hakipunguzi. Uso ulioitwa laini umekuambia usihesabu msuguano. Kwenye kemia, asidi iliyotajwa kuwa ya ziada imekuambia usipige hesabu kwa kuitumia yenyewe, kwa sababu haitaisha.

Lori kwenye mteremko

Chukua swali ambalo mtu yeyote aliyepita barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam anaweza kuliona akilini, maana amepita mlima Kitonga. Namba ni za mfano tu, si vipimo vya mlima wenyewe. Lori lenye tungamo la tani 30 linateremka barabara ya kilomita 4, na kati ya juu na chini kuna tofauti ya kimo ya mita 200. Dereva anashikilia mwendokasi usiobadilika wa kilomita 36 kwa saa. Tafuta kani ya wastani inayolizuia lori, kisha utafute nguvu, yaani joto linalozalishwa kila sekunde. Tumia g, yaani mchapuko unaoletwa na mvutano wa dunia, = 10 m/s².

Mwanafunzi aliyekwama huandika hivi: F = ma, F = 30,000 × 10, F = 300,000 N. Hesabu ya kuzidisha ni sahihi na fomula ni ya kweli. Kosa ni kwamba ameweka g mahali pa a. Alichokipata ni uzito wa lori, yaani kani inayolivuta kwenda chini wima. Mchapuko wa lori hili ni sifuri, kwa sababu mwendokasi haubadiliki, kwa hiyo jumla ya kani zote kwenye mstari wa barabara ni sifuri. Hapo ndipo swali linapofunguka: kani inayozuia ni sawasawa na ile sehemu ya uzito inayolivuta lori kufuata mteremko.

Kuna njia mbili za kufika. Njia ya nishati: lori limepoteza nishati ya mgh (tungamo mara g mara kimo), yaani 30,000 × 10 × 200, sawa na jouli 60,000,000. Mwendokasi haujaongezeka, kwa hiyo nishati hiyo yote imegeuka joto. Kazi ni kani mara umbali, na umbali ni mita 4,000 (wengi hapa huweka 200 tena). Gawanya 60,000,000 kwa 4,000, unapata 15,000 N. Njia ya kani: sine ya pembe ya mteremko ni 200 gawanya kwa 4,000, yaani 0.05. Uzito ni 300,000 N. Zidisha, unapata 15,000 N. Njia mbili zimekutana, na hakuna uhakiki wa jibu ulio bora kuliko huo. Mwalimu akikufundisha njia moja, jaribu kuitafuta ya pili kabla hujamwendea tena.

Sehemu ya pili ya swali huangusha watu kwa sababu ya vizio. Kilomita 36 kwa saa gawanya kwa 3.6, unapata mita 10 kwa sekunde. Nguvu ni kani mara mwendokasi: 15,000 × 10 = wati 150,000. Hakiki kwa njia nyingine: mita 4,000 kwa mita 10 kila sekunde ni sekunde 400, na jouli 60,000,000 gawanya kwa 400 ni 150,000 vilevile. Aliyeacha 36 kama ilivyo atapata 540,000, na hataona kasoro yoyote kama hana mazoea ya kujiuliza maana ya namba.

Maana yake ni hii: ni kama majiko 150 ya umeme ya wati 1,000, yote yamewashwa kwa pamoja kwenye breki za lori moja kwa karibu dakika saba. Breki zikibeba joto hilo peke yake zinachemka, msuguano wa vitambaa vyake unapungua, na dereva anakanyaga bila gari kushika. Ndiyo sababu dereva mwenye uzoefu huingiza gia ndogo kabla hajaanza kuteremka, ili injini nayo ibebe sehemu ya kazi. Mwanafunzi aliyefika hapa hatachanganya tena nishati na nguvu, maana ameona kwamba nishati ile ile ikitolewa kwa sekunde 800 badala ya 400 inahitaji nusu tu ya nguvu.

Sasa linganisha maswali mawili ambayo mwalimu anaweza kuletewa. La kwanza: "Shikamoo mwalimu, naomba unisaidie namba tano." La pili: "Shikamoo mwalimu. Namba tano, nimetumia F = ma nikapata 300,000 N. Lakini swali linasema mwendokasi haubadiliki, sasa si mchapuko ni sifuri? Breki zinashindana na kani gani?" Swali la pili linajibiwa kwa dakika moja, hata mwalimu akiwa amesimama mlangoni na rundo la madaftari mkononi. La kwanza linamlazimu aanze mwanzo bila kujua unachokijua, na darasani kwenye wanafunzi wengi hana muda huo.

Chokaa na asidi

Kwenye kemia, mada inayowakwamisha wengi ni moli, yaani kipimo cha kuhesabia chembe za kitu, na ndani ya moli ni swali la kitu gani kinaisha kwanza. Mawe ya chokaa tunayo jirani, Songwe, yanakotengenezewa saruji, na sehemu kubwa ya mawe hayo ni kalsiamu kaboneti. Swali: gramu 5 za kalsiamu kaboneti safi zimetiwa kwenye 50 cm³ za asidi haidrokloriki yenye moli 1 kwa kila dm³. Tafuta ujazo wa kaboni dioksaidi inayotoka, kwenye hali sanifu, yaani nyuzi 0 na kanieneo ya angahewa moja, ambapo moli moja ya gesi huchukua 22.4 dm³.

Anza na mlinganyo, usawazishe, ndipo ushike kalkuleta:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Tungamo la moli moja ya CaCO₃ ni 40 + 12 + 48 = gramu 100. Kwa hiyo gramu 5 ni moli 0.05. Asidi: 50 cm³ ni 0.05 dm³, na kwa moli 1 kila dm³ tunapata moli 0.05. Namba zimelingana, na mtego upo hapo hapo. Mwanafunzi akiziona zimelingana husema vyote vinaisha pamoja, anaandika moli 0.05 za gesi, anapata 1.12 dm³. Lakini ile 2 mbele ya HCl inasema kila moli ya kaboneti inahitaji moli mbili za asidi. Moli 0.05 za kaboneti zingehitaji 0.10 za asidi, nasi tuna 0.05 tu. Asidi inaisha kwanza. Gesi inayotoka ni nusu ya moli za asidi, 0.025, ambayo ni 0.56 dm³.

Swali hili lina ushahidi unaoonekana kwa macho. Povu likikoma, gramu 2.5 za kaboneti zitakuwa bado zimelala ndani ya bika, kile chombo cha kioo cha maabara, kwenye kitako chake. Kama vyote vingeisha pamoja, bika lisingekuwa na kitu kigumu. Na ukiliweka juu ya mizani tangu mwanzo, usomaji utashuka kwa karibu gramu 1.1, ambazo ni moli 0.025 mara 44, tungamo la gesi iliyoondoka. Mwanafunzi anayesoma kwenye shule isiyo na maabara ya kutosha anaweza angalau kuuliza: "nikimaliza, nitaona nini kwenye bika?" Swali hilo pekee hufichua kama hesabu yake ina maana.

Mikwamo mingine hapa ni ya haraka kueleza. Wapo wanaozidisha 50 kwa 1 na kuandika moli 50. Wamesahau kugawa kwa 1,000. Wapo wanaotumia 22.4 kwa kimiminika au kwa kitu kigumu, wakati namba hiyo ni ya gesi tu. Na kwenye titresheni, yaani kupima myeyuko kwa kuudondoshea mwingine kidogo kidogo, wapo wanaojumlisha usomaji wa majaribio, ule wa kwanza wa kukisia, kwenye wastani, huo hauingii. Kiputo cha hewa kwenye ncha ya byureti (mrija wenye alama unaodondosha asidi) kikitoka katikati ya kazi huongeza usomaji bila asidi yoyote kuingia kwenye flaski, kwa hiyo kitoe kabla ya kuanza. Tone la mwisho kwenye ncha ya pipeti nalo usilipulize. Pipeti imepimwa ikihesabu kwamba tone hilo linabaki.

Kwa nini maabara ya Mbeya haikubaliani na kitabu

Hili linastahili nafasi yake, kwa sababu linawafanya wanafunzi wa nyanda za juu wadhani wamekosea wakati hawajakosea. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni kama kilopaskali (kPa) 83, si 101 ya pwani. Zebaki kwenye barometa husimama karibu milimita 620, si 760. Maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95. Kwa makadirio ya haraka, kila ukipanda mita 300 kiwango cha kuchemka hushuka kwa karibu nyuzi moja. Mwanafunzi anayeona kipimajoto kimegoma kwenye 94 huku maji yanatokota asiandike 100 kumfurahisha mtu. Aandike 94 na aeleze sababu. Sababu hiyo hiyo ndiyo inayofanya maharage ya Makete na Njombe yakae jikoni muda mrefu, na inayofanya sufuria la kukandamiza mvuke liwe na faida kubwa zaidi huku kuliko Dar es Salaam.

Gesi nayo inabadilika. Moli moja yenye ujazo wa 22.4 dm³ kwenye hali sanifu, ukiipima Mbeya kwenye nyuzi 20, utazidisha kwa 293/273 kwa ajili ya joto na kwa 101/83 kwa ajili ya kanieneo. Jibu ni karibu 29 dm³. Zile moli 0.025 za kaboni dioksaidi zingejaza takriban 0.73 dm³, wakati hesabu ya daftarini inasema 0.56. Kwenye mtihani tumia namba uliyopewa, kwa sababu swali limetaja hali yake. Maabarani andika ulichokisoma, pamoja na jotoridi na kanieneo ya siku hiyo.

Swali lililoulizwa Iringa

Mfano bora wa swali zuri umetoka hapa kwetu. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliweka kwenye friza maziwa ya kutengenezea aiskrimu yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye alikwenda kusoma Mkwawa, Iringa, na mtaalamu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, alipotembelea shule, Mpemba alimuuliza tena. Wenzake wakamcheka. Osborne akarudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha matokeo pamoja.

Angalia jinsi swali lake lilivyojengwa. Vyombo viwili vinavyofanana. Maji kiasi kile kile. Kimoja kina nyuzi 35, kingine 100. Vyote vinawekwa kwenye friza, na kilichokuwa na nyuzi 100 kinaganda kwanza. Kwa nini? Mna vipimo, mna kilichoachwa sawa, mna kilichobadilishwa, mna kilichoonekana, na mna jambo moja tu linaloulizwa. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu sababu, na hata kuhusu kama jambo hilo hutokea kila mara, lakini hakuna aliyeshindwa kuelewa anaulizwa nini.

Nani wa kumuuliza

Wa kwanza ni mwalimu wa somo, kwa swali fupi la aina tuliyoonyesha. Wa pili ni mwenzako, na hapa tunasisitiza kikundi kidogo: watu watatu au wanne, kila mmoja amelijaribu swali peke yake kabla ya kukutana. Kikundi ambacho mmoja anafanya na wengine wananakili kinamfaidisha yule mmoja tu, kwa sababu ndiye anayeeleza. Zungusheni zamu ya kueleza ubaoni, na aanze yule ambaye swali limemgomea.

Iringa ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kinachofundisha walimu wakiwemo wa sayansi, na Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Wanafunzi wa ualimu wakija shuleni kwa mafunzo ya vitendo, watumieni. Wametoka kwenye mada hizi juzi tu na wanakumbuka zilivyowasumbua. Kabla ya kulipia tuisheni, muulize anayefundisha jambo moja: je, anakagua daftari la mwanafunzi, au anaandika ubaoni tu? Tuisheni ya watu arobaini wanaonakili ubao haitofautiani na darasa ulilotoka asubuhi. Vitabu vya kiada vinapatikana pia kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na mifano iliyokokotolewa ndani yake mara nyingi inatosha kukuonyesha hatua uliyoiruka. Funika jibu la mfano kwa karatasi, fanya mstari mmoja, sogeza karatasi, linganisha.

Simu ina mambo yake. Ukituma picha kwenye kundi la WhatsApp, tuma picha mbili: swali lote pamoja na vizio, na kazi yako hadi ulipokwama. Programu za akili mnemba zinaweza kueleza vizuri, lakini hukosea kwa mwandiko safi na kwa kujiamini, na picha hafifu huzifanya zisome cm³ kuwa cm au zidondoshe alama ya kutoa kwenye kipeo. Usiiombe programu jibu. Iandikie hatua zako na uiulize hatua ipi ina kosa, kisha ihakiki kwa njia ya pili kama tulivyofanya kwa lori. Ikitumia g = 9.8 na kitabu chako kinatumia 10, nishati ya lori itatoka jouli 58,800,000. Hilo si kosa, ila andika ulichotumia.

Uhakiki mwingine hauhitaji mtu wala bando. Vikinza viwili (vifaa vinavyozuia mkondo wa umeme) vya ohmu 6 na ohmu 3 vikiunganishwa sambamba, jibu lazima liwe chini ya 3, kwa sababu mkondo umepata njia ya ziada. Wengi hujumlisha 1/6 na 1/3, wanapata 1/2, wanaandika ohmu 0.5. Jibu hilo nalo liko chini ya 3, kwa hiyo kipimo hicho hakitoshi peke yake: kumbuka ulichopata ni 1/R, ambapo R ni ukinzani wa jumla, kigeuze, jibu ni ohmu 2. Vikinza sawa hurahisisha kujipima: viwili vya ohmu 6 sambamba lazima vitoe 3, nusu kamili.

Mzazi ambaye hakusoma fizikia naye ana kazi anayoiweza. Aketi na mtoto na kumwambia, "Mwanangu, hebu nisimulie hili swali linasemaje." Mtoto akifika mahali akaanza kusitasita au kusema "halafu unapiga tu fomula," mzazi aweke alama ya penseli hapo. Alama hiyo ndiyo ya kumpelekea mwalimu kesho.

Ukishasaidiwa, funga daftari na ulirudie swali siku ya pili yake ukiwa na namba mpya. Rudia lile la chokaa, lakini weka gramu 2 badala ya 5, asidi iache ilivyo. Ukipata 0.448 dm³, umeona kwamba safari hii kaboneti ndiyo imeisha kwanza na asidi imebaki. Ukipata 0.56 tena, umefuata hesabu ya jana bila kuuliza kipi kinaisha, na swali lako kwa mwalimu lianzie hapo.